Kufyatuliwa na Lango, Kuzimwa na Mkondo: Misingi ya Thairista na Matumizi Yake katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua misingi ya thairista, yaani rektifaya ya silikoni inayodhibitiwa kwa lango, na nafasi yake miongoni mwa vifaa vya elektroniki ya nguvu. Hoja kuu ni kwamba thairista hupokea amri ya kuwaka lakini haipokei amri ya kuzima. Huzimika pale tu mkondo unaopita ndani yake unapokaribia sifuri. Makala yanaonesha kuwa sifa hiyo moja inatosha kueleza kwa nini kifaa hiki kinafaa katika umeme wa gridi na katika kiwashio cha pikipiki, kwa nini hakifai katika sakiti nyingi za umeme wa jua, na kwa nini mafundi hukosea wanapokihukumu kuwa kizima au kibovu. Mifano imechukuliwa kutoka mazingira ya Wilaya za Karagwe na Kyerwa, Mkoa wa Kagera. Makala pia yanapendekeza kitenzi "kufyatua" kitumike kueleza tendo la lango, kwa kuwa kinabeba maana ambayo neno "kuwasha" haliibebi.

1.0 Utangulizi

Karagwe na Kyerwa ni wilaya jirani zilizopo magharibi mwa Mkoa wa Kagera. Zote mbili zinapakana na Rwanda, na Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, inapakana pia na Uganda upande wa kaskazini. Katika wilaya hizi, aina mbili za umeme hukutana kila siku mikononi mwa fundi yuleyule. Aina ya kwanza ni mkondo geu wa gridi, wenye volti 230 kwa nyumba za kawaida na volti 400 kwa mashine za fezi tatu, ukibadilika mwelekeo kwa marudio ya hezi 50. Aina ya pili ni mkondo mnyoofu wa paneli za jua na betri, ambao mara nyingi ni wa volti 12. Fundi wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Kaisho anaweza asubuhi kutengeneza kianzishio cha mota ya kukobolea kahawa, na jioni akaletewa kidhibiti chaji cha sola au kiwashio cha bodaboda.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kushuhudia, katika kituo kimoja cha biashara, fundi akiijaribu thairista aliyoinyofoa kwenye chaja kuukuu ya betri. Aliiunganisha na betri, taa ya gari na swichi ya kubonyeza. Alipobonyeza, taa iliwaka. Alipoachia, taa iliendelea kuwaka. Alirudia mara tatu, kisha akasema, "Hii imeshoti," akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Kifaa kile kilikuwa kizima. Kilifanya hasa kile kilichoundwa kufanya. Fundi huyo hakukosa ujuzi wa mikono. Alichokosa ni maelezo, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba thairista ni "swichi", na swichi anayoijua yeye huwashwa na kuzimwa kwa kidole kilekile.

Tatizo linaloshughulikiwa hapa, basi, ni la kitaaluma na la kilugha kwa pamoja. Maelezo ya elektroniki ya nguvu yanapatikana kwa wingi katika lugha za kigeni, ilhali fundi hufikiri na kufundisha kwa Kiswahili. Neno moja lililotafsiriwa bila kuzingatia utendaji wa kifaa linaweza kusababisha kifaa kizima kitupwe, au, vibaya zaidi, kifaa hatari kiaminiwe.

2.0 Istilahi za Msingi

Elektroniki ya nguvu ni taaluma ya kugeuza na kudhibiti umeme kwa kutumia vifaa vya vipitishi nusu. Vifaa hivyo hufanya kazi vikiwa katika mojawapo ya hali mbili: kupitisha kikamilifu au kuzuia kikamilifu. Sababu ni joto. Kifaa kinachozuia volti 230 bila kupitisha mkondo hakipotezi nguvu yoyote ya maana. Kinachopitisha ampea 20 huku kikiwa na volti 1.4 tu kati ya ncha zake hupoteza wati 28. Lakini kifaa kinachokaa katikati, kikibeba nusu ya volteji na mkondo kwa wakati mmoja, hupata joto la kukiunguza. Kwa hiyo, udhibiti wa nguvu hufanywa kwa kugawa muda kati ya hali hizo mbili.

Kwa kigezo cha amri, vifaa hivi vinaweza kugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la daiodi, ambayo haipokei amri yoyote: hupitisha mkondo kuelekea upande mmoja na kuuzuia upande wa pili. Kundi la pili ni la thairista, inayopokea amri ya kuanza kupitisha lakini haipokei amri ya kuacha. Kundi la tatu ni la transista za nguvu, zikiwemo mosifeti na zile za aina ya IGBT, ambazo hupokea amri zote mbili. Mgawanyo huu utakuwa mwongozo wetu hadi mwisho wa makala.

Thairista ina ncha tatu: anodi, ambako mkondo huingilia, kathodi, ambako mkondo hutokea, na lango, linalopokea amri. Jina lake la kiufundi mara nyingi hufupishwa kwa herufi SCR katika michoro na majedwali ya watengenezaji. Katika makala haya, tendo la lango linaitwa "kufyatua". Mtego wa panya ukishafyatuka, kuondoa kidole kwenye kifyatulio hakuurudishi ulipokuwa; lazima utegwe upya. Lango la thairista nalo ni kifyatulio. Neno "kuwasha" humfanya msikilizaji atarajie "kuzima" kwa njia ileile, na matarajio hayo ndiyo yaliyompoteza fundi tuliyemtaja.

3.0 Muundo na Utendaji

3.1 Tabaka Nne za Silikoni

Silikoni safi hupitisha umeme kwa shida. Ikitiwa chembe chache za fosforasi, hupata elektroni za ziada na huitwa silikoni ya aina ya N. Ikitiwa boroni, hupata upungufu wa elektroni, yaani matundu, na huitwa silikoni ya aina ya P. Daiodi ina tabaka mbili, P na N. Transista ya kawaida ina tatu. Thairista ina nne, zilizopangwa P, N, P, N. Anodi imeshikizwa kwenye P ya nje, kathodi kwenye N ya nje, na lango kwenye P ya ndani iliyo jirani na kathodi.

Njia rahisi ya kuuelewa mpangilio huu ni kuuona kama transista mbili zilizokumbatiana. Tabaka tatu za juu ni transista ya PNP. Tatu za chini ni transista ya NPN. Tabaka mbili za kati zinamilikiwa na zote mbili. Kwa mpangilio huo, mkondo unaotoka katika transista ya kwanza ndio unaoiamsha ya pili, na unaotoka katika ya pili ndio unaoiamsha ya kwanza.

Kabla ya amri, transista zote mbili zimelala, na kiungo cha katikati huzuia volteji. Lango linapopewa mkondo mdogo, transista ya chini huamka na kuiamsha ya juu. Ya juu huamka na kuilisha ya chini kwa mkondo mwingi kuliko ule wa lango. Kuanzia hapo kila moja inaishikilia mwenzake, na lango halihitajiki tena. Hata mkondo wa lango ukiondolewa, kumbatio lile haliachani. Litaachana tu pale mkondo mkuu utakapopungua kiasi cha transista hizo kushindwa kulishana.

Viwango viwili vya mkondo vinahitaji kutofautishwa hapa. Cha kwanza ni mkondo wa kunasa, yaani kiwango ambacho mkondo mkuu lazima ukifikie wakati wa kufyatua ili kifaa kiendelee kupitisha lango likiachiwa. Cha pili ni mkondo wa kushikilia, yaani kiwango ambacho mkondo mkuu ukishuka chini yake, kifaa huzimika. Kwa thairista ya BT151, inayopatikana kwa urahisi na inayostahimili hadi ampea 12, mtengenezaji hutoa viwango vya juu vifuatavyo: mkondo wa lango miliampea 15, mkondo wa kunasa miliampea 40, na mkondo wa kushikilia miliampea 20.

3.2 Jaribio la Maswali Manne

Utendaji huu unaweza kuthibitishwa kwa vifaa vinavyopatikana katika karakana yoyote: betri ya volti 12, taa ya gari ya wati 21, thairista ya BT151, rezista ya omu 330 na swichi ya kubonyeza. Chanya ya betri huunganishwa na taa, taa na anodi, na kathodi na hasi ya betri. Lango huunganishwa na chanya kupitia swichi na rezista. Kwa kuwa lango hubakiwa na takribani volti 1, rezista hiyo hupitisha karibu miliampea 33, ambazo zinatosha kabisa kufyatua.

Jaribio linajibu maswali manne kwa mpangilio. Kwanza, je, taa imezimika kabla ya kubonyeza? Ikiwa inawaka, thairista imeshoti kati ya anodi na kathodi. Pili, je, taa inawaka swichi inapobonyezwa? Isipowaka, na viungo vyote vikiwa sawa, thairista ina ubovu wa lango au imekatika ndani. Tatu, je, taa inaendelea kuwaka swichi inapoachiwa? Ikiendelea, huo ni uzima wa kifaa, si ubovu. Nne, je, taa inabaki imezimika betri inapotenganishwa kwa muda na kurudishwa bila kubonyeza? Ikibaki imezimika, kifaa kimepita mtihani.

Tahadhari moja ni ya lazima. Taa ya gari ya wati 21 hupitisha karibu ampea 1.75, kiwango kilicho juu sana ya mkondo wa kunasa. Fundi akitumia badala yake taa ndogo ya LED inayopitisha miliampea 10, taa hiyo inaweza kuzimika mara tu swichi inapoachiwa, naye akadhani kifaa ni kibovu. Kwa hiyo kosa linaweza kutokea kwa pande zote mbili: kuhukumu kizima kuwa kimeshoti, na kuhukumu kizima kuwa hakishikilii.

4.0 Thairista katika Mkondo Geu

4.1 Pembe ya Ufyatuaji

Katika umeme wa gridi, tatizo la kuzima hujitatua lenyewe. Mkondo wa hezi 50 hukamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 20. Kila milisekunde 10 hupita kwenye sifuri na kubadili mwelekeo. Thairista iliyofyatuliwa katika nusu ya kwanza ya wimbi huzimika mwisho wa nusu hiyo bila kuamriwa na mtu. Kazi inayobaki kwa mdhibiti ni kuchagua wakati wa kufyatua.

Kuchelewa kufyatua hupimwa kwa digrii, ambapo nusu ya wimbi ni digrii 180. Digrii 90 ni sawa na milisekunde 5. Kwa kuwa thairista moja hupitisha upande mmoja tu, thairista mbili huwekwa zikielekeana kinyume, ili kila moja ihudumie nusu yake. Kifaa kinachounganisha kazi hizo mbili katika kipande kimoja huitwa traiaki, na ndicho kinachopatikana katika vidhibiti vingi vya mwanga na vya feni za dari. Kwa mzigo wa ukinzani mtupu, kama hita au taa ya waya, kufyatua kwa digrii 60 huupa mzigo takribani asilimia 80 ya nguvu yake kamili. Digrii 90 huupa asilimia 50. Na digrii 120 huupa asilimia 20 hivi. Hakuna nguvu inayochomwa kwenye rezista ili kupunguza mwanga. Nguvu isiyotakiwa haichukuliwi kabisa.

Hapa pia mkondo wa kushikilia hujitokeza. Taa za LED za wati chache huchukua mkondo mdogo, wakati mwingine chini ya kile kinachohitajika kuishikilia traiaki. Ndiyo maana taa hizo hupepesa zikiunganishwa na kidhibiti kilichoundwa kwa taa za waya. Kubadilisha traiaki hakuondoi kasoro hiyo; kinachohitajika ni kidhibiti na taa zinazoafikiana.

4.2 Mota ya Mashine ya Kukobolea Kahawa

Kahawa ya robusta ni zao kuu la biashara katika wilaya hizi. Huanikwa ikiwa na maganda, kisha hukobolewa kwa mashine. Tuchukulie mashine yenye mota ya fezi tatu ya kilowati 15. Katika kazi ya kawaida, mota hiyo huchukua karibu ampea 28. Ikianzishwa moja kwa moja, huchukua takribani mara sita ya kiasi hicho, yaani ampea 168, kwa sekunde chache. Ikiwa waya wa kutoka kwenye transfoma hadi mashineni una ukinzani wa omu 0.2 kwa fezi, volteji inaweza kupungua kwa hadi volti 34 kwa fezi. Jirani anayetegemea laini hiyo ataona taa zikififia, na jokofu lake linaweza kushindwa kuanza.

Kianzishio laini hutumia thairista sita, mbili kwa kila fezi. Huanza kwa kufyatua kwa kuchelewa sana, kisha hupunguza uchelewaji hatua kwa hatua hadi mota ipate volteji kamili. Ikiwa volteji ya kuanzia ni nusu, mkondo wa kuanzia nao hupungua hadi nusu, yaani ampea 84, na upungufu wa volteji katika mfano wetu hushuka hadi volti 17.

Hata hivyo, nafuu hii ina masharti. Nguvu ya msokoto ya mota hufuata mraba wa volteji. Nusu ya volteji huleta robo tu ya msokoto. Mashine iliyojazwa maganda kabla ya kuwashwa haitazunguka kwa robo ya msokoto. Itanguruma mahali palepale na kupata joto. Kwa hiyo, mwenye mashine anayefunga kianzishio laini lazima abadili pia utaratibu wa kazi: mashine ianze tupu, ifike kasi yake, ndipo maganda yamiminwe. Kianzishio hakiwezi kufidia kosa la utaratibu.

4.3 Gharama Inayobebwa na Laini

Kukatakata wimbi kuna bei yake. Mkondo uliokatwa hauna umbo la wimbi laini. Ndani yake mna mikondo ya marudio ya hezi 150, 250, 350 na kuendelea, inayoongeza joto katika transfoma na waya na kuleta mngurumo katika redio za masafa ya kati. Aidha, mzigo unaopokea nusu ya nguvu kwa kufyatuliwa kwa digrii 90 huchukua takribani asilimia 71 ya mkondo wake kamili, ilhali mzigo wa kawaida wa nguvu hiyohiyo ungechukua asilimia 50. Kwa kuwa upotevu wa waya hufuata mraba wa mkondo, upotevu kwenye laini huwa maradufu. Mjini, karibu na kituo cha kupozea umeme, tofauti hiyo ni ndogo. Mwishoni mwa laini ndefu inayopanda na kushuka vilima, ni jambo la kuhesabiwa.

5.0 Thairista katika Mkondo Mnyoofu

5.1 Umeme wa Jua

Mkondo wa betri haupiti kwenye sifuri. Thairista ikifyatuliwa katika sakiti ya betri, kama lilivyoonesha jaribio letu, hubaki ikipitisha hadi betri itenganishwe au iishe. Kuna njia ya kulazimisha kuzimika: kapasita iliyochajiwa huunganishwa ghafla kinyume na thairista, mara nyingi kwa kufyatua thairista ya pili, ili mkondo mkuu usukumwe hadi sifuri kwa muda mfupi. Inveta za miongo ya awali zilitumia mbinu hiyo. Lakini inahitaji vipande vingi, inapoteza nguvu, na kapasita ikidhoofika, kuzima hushindikana na fyuzi hukatika.

Ndiyo maana vidhibiti chaji vya sola na inveta za leo hutumia transista za kundi la tatu. Mosifeti hupitisha maadamu lango lake lina volteji na huacha inapoondolewa. Inaweza kuamriwa hivyo maelfu ya mara kwa sekunde. Hufaa zaidi katika volteji ndogo kama za betri. IGBT, iliyoenea kuanzia miaka ya 1980, hufaa zaidi katika volteji kubwa. Fundi anayekuta mosifeti imeungua katika kidhibiti chaji hawezi kuibadilisha kwa thairista, hata kama thairista hiyo ina uwezo wa ampea nyingi zaidi na ina ncha tatu zinazoingia vizuri katika matundu yaleyale. Paneli itaendelea kuichaji betri iliyojaa, kwa sababu kifaa kilichowekwa hakijui kuacha.

5.2 Kiwashio cha Bodaboda

Kuna hali moja ya mkondo mnyoofu ambamo thairista hufanya kazi bila msaada, nayo inapatikana kwenye barabara zote za Karagwe na Kyerwa. Pikipiki nyingi hutumia kiwashio cha CDI. Ndani yake, kapasita huchajiwa hadi volti mia kadhaa. Kihisio kilicho karibu na gurudumu la sumaku kinapotoa ishara, thairista hufyatuliwa na kuumwaga umeme wote wa kapasita katika koili ya cheche. Kapasita ikishakuwa tupu, mkondo hufika sifuri na thairista huzimika yenyewe, tayari kwa cheche inayofuata. Injini inayotoa cheche moja kwa kila mzunguko, ikienda kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, hurudia tendo hilo mara 100 kwa sekunde. Hiyo ni sawa na idadi ya nusu za wimbi katika sekunde moja ya umeme wa gridi.

Hivyo basi, mkondo hufika sifuri kwa njia tatu: wimbi lenyewe kugeuka, chanzo kuwa kikomo na kuisha, au kulazimishwa na sakiti nyingine. Anayetaka kujua kama thairista inafaa katika kazi fulani ajiulize kwanza ni ipi kati ya njia hizo itaizima. Akikosa jibu, achague transista.

6.0 Kutoka Karakana hadi Gridi

Wazo la kifaa cha tabaka nne lilijadiliwa na watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani katika miaka ya 1950, na kampuni ya General Electric ikatengeneza thairista ya kwanza ya kibiashara mwaka 1957. Kabla ya hapo, ubadilishaji wa umeme mkubwa ulitegemea vali za zebaki, ambazo zilikuwa kubwa, dhaifu na zenye sumu.

Sheria ileile inayotawala BT151 hutawala pia vifaa vikubwa. Njia ya umeme wa mkondo mnyoofu kutoka Inga hadi Kolwezi nchini Kongo, yenye urefu wa takribani kilomita 1,700, ilianza kazi mwaka 1982 ikitumia thairista. Njia ya kutoka Wolayta Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya, ina urefu wa kilomita 1,045, volti 500,000 chanya na hasi, na uwezo wa hadi megawati 2,000. Katika vituo vya thairista vya namna hii, volteji ya gridi ya mkondo geu ndiyo inayozizima thairista. Gridi hiyo ikiyumba, kuzimika hushindwa na usafirishaji hukatika. Kwa hiyo, udhaifu alioukuta fundi mezani pake ni suala la mipango katika ngazi ya mataifa.

Ni vyema pia kueleza mahali ambapo ubadilishaji huu hauhitajiki. Kwa miaka mingi Kagera ilipata umeme kutoka Uganda kupitia Masaka hadi Kyaka, na mradi wa Murongo–Kikagati katika Mto Kagera, wenye megawati 14 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania na Uganda, ulizinduliwa rasmi Mei 2023. Nchi zote mbili hutumia hezi 50, hivyo laini zao huweza kuunganishwa bila kugeuza mkondo. Mahali thairista hupatikana mara kwa mara katika vituo vya maji ulimwenguni ni katika mfumo wa kuupa usumaku rota ya jenereta, ambako pembe ya ufyatuaji hurekebishwa ili volteji inayozalishwa ibaki imara mzigo unapopanda na kushuka.

7.0 Ulinzi na Usalama

Mambo matatu huharibu thairista au kuifyatua bila amri. La kwanza ni volteji kubwa kupita kiasi. Kilele cha volti 230 ni volti 325, na cha volti 400 ni volti 566. Kwa hiyo kifaa cha volti 600 hadi 800 hufaa katika fezi moja, na cha volti 1,200 au zaidi katika fezi tatu. Katika ukanda huu wa Ziwa Victoria wenye radi nyingi, varista ya kupunguza mpigo wa volteji ni ya lazima. La pili ni volteji inayopanda kwa kasi mno, ambayo huweza kufyatua kifaa bila lango kuguswa. Tiba yake ni rezista na kapasita zilizounganishwa sambamba na thairista, kwa mfano omu 100 na mikrofaradi 0.1. La tatu ni joto, linalohitaji bamba la kupoza lililoshikizwa barabara.

Tiba ya jambo la pili huzaa hatari ambayo kila fundi anapaswa kuijua. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 katika umeme wa volti 230, hezi 50, hupitisha karibu miliampea 7 hata thairista ikiwa imezimika. Binadamu huanza kuhisi umeme kwenye miliampea 1 hivi. Zaidi ya hayo, thairista ikiharibika, mara nyingi huharibika kwa kushoti, yaani hubaki ikipitisha. Kwa hiyo, mota iliyosimamishwa kwa kianzishio laini haijakatwa umeme. Anayeingiza mkono mashineni kuondoa maganda yaliyokwama lazima kwanza azime swichi kuu inayotenganisha waya kwa umbali unaoonekana, kisha apime. Thairista ni kidhibiti, si kitenganishi.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kuwa thairista inaeleweka kwa sentensi moja: lango huifyatua, mkondo huizima. Kutokana na sentensi hiyo, fundi anaweza kujua kwa nini taa yake haikuzimika, kwa nini mashine ya kahawa ianze tupu, kwa nini kidhibiti cha sola kinahitaji mosifeti, na kwa nini kianzishio kisimwaminishe kwamba umeme umekatika. Inapendekezwa kwamba waandaaji wa mitaala ya ufundi na wa istilahi za Kiswahili watenganishe "kufyatua" na "kuwasha", na waeleze kila kifaa cha elektroniki ya nguvu kwa kutaja amri kinazozipokea na zile kisizozipokea. Gharama ya tofauti hiyo katika kamusi ni mstari mmoja. Gharama ya kuikosa ni kifaa kizima kinachotupwa, na siku nyingine, mkono wa mtu uliowekwa mahali alipoamini hapana umeme.